Shangazi, tangu nijifungue siwezi kuzuia upepo, na sasa nina mimba tena

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeiandika mara tatu na mara tatu nikaifuta. Leo naituma haraka kabla moyo haujarudi nyuma.

Nina miaka 29. Mtoto wangu wa kwanza ametimiza miaka mitatu, na sasa nina mimba ya wiki 22. Watu wananipongeza, nami naitikia, lakini usiku silali kwa hofu.

Uchungu wa mtoto yule ulianza alfajiri. Kufika usiku nikawa nimefunguka njia yote, nikalazwa chali, miguu juu, nikaambiwa nisukume. Nilisema sijasikia haja ya kusukuma. Nikajibiwa nisiwe mvivu, nitamuua mtoto. Basi nikasukuma kwa kubana pumzi huku wakinihesabia, nadhani saa nzima na zaidi. Mwishoni nesi mmoja akapanda juu ya kigoda, akanikandamiza tumbo kwa mikono yote miwili, na mwenzake akaniongezea njia. Hakuna aliyeniambia kwamba nitakatwa, nilisikia tu. Mtoto akachomoka kwa mkupuo mmoja, kilo 4.2, mzima, namshukuru Mungu. Kisha nikashonwa kwa muda mrefu, na kila sindano niliisikia. Nilipouliza nimechanika kiasi gani, nikaambiwa, "Umeshonwa vizuri, utapona."

Kidonda kilipona. Lakini Shangazi, mimi sikurudi nilivyokuwa. Upepo unatoka wenyewe, sina uwezo wa kuuzuia. Nikiharisha ndiyo balaa, kwa sababu tangu nihisi haja hadi nifike chooni sina hata dakika moja, na mara kadhaa sikufika. Nikipiga chafya au nikimnyanyua mtoto ghafla, mkojo unaponyoka kidogo. Kazini nimechagua kiti cha mwisho karibu na mlango. Kwenye mkoba natembea na nguo ya ndani ya akiba. Mikusanyiko nimeiacha.

Na mume wangu je? Tendo la ndoa linaniuma pale penye kovu, kwa hiyo natafuta visingizio. Ni mtu mwema, hajawahi kunilazimisha, ila naona anaamini nimemchoka. Sijamwambia kitu. Mimba hii ilipatikana kwa machozi ambayo hakuyaona.

Niliporudi baada ya wiki sita walimpima mtoto uzito, wakamchanja, wakasema tumemaliza. Mimi hakuna aliyeniangalia. Siku moja nikajikaza nikamgusia mama mkwe. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, ndivyo tulivyo sisi tuliozaa, utazoea." Nadhani na yeye anayo.

Sasa Shangazi, nijibu. Je, kweli haya ni ya kawaida? Ni mimi niliyesukuma vibaya? Nikizaa tena kwa njia ya kawaida nitachanika tena niharibike kabisa, au nidai upasuaji? Na mume nimwambie nini, nianzie wapi?

Wako,
Mama wa mmoja na nusu

*

Marahaba mwanangu,

Umeniuliza mengi, lakini nitaanza na swali ambalo hukuniuliza mimi. Ulimuuliza nesi siku ile ukiwa bado umelala pale kitandani: nimechanika kiasi gani? Lilikuwa swali sahihi kuliko yote, na miaka mitatu baadaye bado hujapewa jibu lake. Karibu kila nitakalokuambia leo linategemea jibu hilo.

Kuchanika kuna madaraja. Msamba, yaani ile nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, unaweza kuchanika kwa daraja la kwanza, ambalo ni ngozi na utando wa uke tu, na mara nyingi hupona hata bila uzi. Daraja la pili linaingia kwenye misuli ya msamba na kwa kawaida hushonwa. La tatu linafika kwenye misuli ya duara, ile inayobana njia ya haja kubwa. La nne linaipita misuli hiyo na kuchana hadi utando wa ndani wa njia yenyewe. Wanawake wanaozaa kwa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida, hadi 9 kati ya 10 huchanika kwa namna fulani, na wengi wao huishia kwenye madaraja mawili ya mwanzo. Waliofika la tatu na la nne ni wachache zaidi. Takwimu za Uingereza zinaonyesha karibu 6 kati ya kila 100 kwa wazazi wa kwanza, na chini ya 2 kati ya 100 kwa wale waliowahi kuzaa kwa njia ya kawaida.

Sasa tazama dalili zako. Upepo unatoka bila ruhusa, haja inakuja kwa pupa na haikungojei. Hizo ni dalili za misuli ya duara. Mimi sijakupima, na barua haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo, ila kwa miaka niliyokaa kwenye ukunga ningependa sana kujua kama daraja lako lilikuwa la tatu na likashonwa kama la pili. Hutokea. Damu ni nyingi, mwanga hautoshi, anayeshona amechoka, na misuli ile ikikatika ncha zake hujivuta kando kama mpira uliokatika, huzioni usipozitafuta. Ngozi ya juu inafungwa vizuri kabisa, na ndani pameachwa wazi. Ndiyo sababu kila mama aliyechanika anapaswa kupimwa kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa, kwa ridhaa yake, kabla uzi wa kwanza haujapita. Kipimo chenyewe hakimalizi dakika.

Kabla hujaenda kupimwa, jichunguze kwa jambo moja: huo upepo unatokea wapi? Ukitokea nyuma, tunazungumzia misuli. Ukitokea mbele, kupitia ukeni, au ukiona dalili ya choo ukeni, huenda kuna tundu kati ya njia mbili, yaani fistula, na tiba yake ni nyingine. Hali kadhalika mkojo. Ule unaoponyoka ukipiga chafya ni udhaifu wa sakafu ya nyonga, yaani misuli ya chini inayoshikilia kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Ule unaovuja usiku na mchana bila kukoma, hata ukiwa umelala, unatakiwa kuchunguzwa kama fistula. Mweleze daktari tofauti hii kwa maneno hayo hayo, usione haya. Hapo ndipo anapojua pa kuanzia.

Je, ni ya kawaida? Mama mkwe wako hakukudanganya, alikupa alichopewa yeye. Ni kweli kwamba ni ya wengi: mkojo kuponyoka huwapata karibu mwanamke 1 kati ya 3 baada ya kuzaa. Lakini meno nayo huoza kwa wengi, na hatumwambii mtu azoee. Hili ni jeraha. Lina jina, lina kipimo, na lina tiba.

Ulisukuma vibaya? Hapana. Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona umeubeba mzigo huu miaka mitatu.

Mtoto wa kwanza, zaidi ya kilo 4: hayo mawili peke yake yanaongeza hatari ya kuchanika sana, na hayakuwa mikononi mwako. Mengine yanayoongeza ni mtoto kutoka uso ukitazama juu, mabega yake kukwama, kuvutwa kwa koleo, na hatua ya kusukuma kurefuka mno. Kisha kuna yale yaliyofanywa na watu. Ulisema hujasikia haja ya kusukuma, ukasukumishwa. Mlango wa kizazi ukishafunguka wote, mara nyingi mwili hupumzika kidogo huku kichwa kikishuka chenyewe, halafu haja ya kusukuma huja. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2018, linataka mama afuate haja hiyo ya mwili wake, na linaeleza kwamba hatua hii inaweza kuchukua hadi saa 3 kwa mzazi wa kwanza na hadi saa 2 kwa aliyewahi kuzaa, alimradi mama na mtoto wanaendelea vizuri. Miongozo hiyo hiyo haipendekezi kukandamiza tumbo ili kumtoa mtoto. Huko nyuma ilionekana ni msaada, na nawajua wakunga wema wanaoamini hivyo hadi leo, lakini inaweza kumuumiza mama na mtoto, na kichwa kinatolewa kwa kishindo wakati msamba bado haujatanuka.

Kuhusu kuongezewa njia, nina neno langu la kusema. Nilipofundishwa ukunga, mzazi wa kwanza alikatwa, basi. Hatukuuliza kama inahitajika, na yeye hatukumuuliza kabisa. Tuliambiwa mkato ulionyooka ni bora kuliko mchaniko uliopinda. Nimewakata wanawake wengi ambao leo nisingewagusa, na sijasahau. Ushahidi uligeuza somo hilo: kukata kila mtu hakulindi misuli ya nyuma, na wengi wangechanika kidogo tu au wasichanike kabisa. Mkato una nafasi yake, kwa mfano mtoto akiwa anaishiwa pumzi au anapovutwa kwa koleo, lakini ni kwa sababu maalumu, kwa ridhaa ya mama, kwa ganzi, na uelekezwe pembeni, nyuzi kama 60 kutoka mstari wa katikati. Mkato unaoshuka katikati moja kwa moja unaelekea kule kule tunakokuogopa. Na kukushona huku unasikia kila sindano ni kosa. Ganzi huongezwa.

Basi cha kufanya sasa.

Usingoje kujifungua. Kwenye kliniki ijayo, kabla hata hujapimwa presha, sema: "Uzazi wa kwanza nilichanika vibaya, na tangu hapo siwezi kuzuia upepo wala haja. Naomba nipimwe, na iandikwe kwenye kadi yangu." Neno "iandikwe" lina uzito, kwa sababu siku ya uchungu atakayekupokea huenda ni mtu mwingine asiyekujua. Omba kumwona daktari wa wanawake. Omba na kumbukumbu za uzazi ule, kama bado zipo, ili mjue kilichoandikwa kuhusu mchaniko. Atakupima kwa kidole akikuambia ubane na uachie, na pale penye ultrasaundi ya njia ya haja kubwa, picha itaonyesha kama misuli ya duara imeungana au ina pengo.

Omba pia kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia wa nyonga. Mazoezi ya kukaza sakafu ya nyonga yalienezwa na daktari Arnold Kegel wa Marekani tangu mwaka 1948 na bado yanabeba jina lake, ila wengi huyafanya kimakosa. Vuta ndani njia ya haja kubwa kama unayezuia upepo, kisha vuta na mbele kama unayekata mkojo. Makalio yasibane, mapaja yasibane, pumzi iendelee. Shikilia ukihesabu polepole, hadi 10 ukiweza, kisha achia kabisa kabisa. Kuachia ni nusu ya zoezi. Fanya hivyo mara 8, mara tatu kwa siku, kwa miezi isiyopungua mitatu. Usifanye mazoea ya kuyajaribu kwa kukata mkojo ukiwa chooni, kibofu hakipendi. Kwa kuwa wewe tendo linakuuma, ni vizuri mtaalamu akuangalie kwanza, maana wapo wanawake ambao misuli yao imekakamaa kwa maumivu na hofu, na wao huanza kwa kujifunza kulegeza.

Choo chako kiwe laini lakini chenye umbo. Kigumu kinakulazimisha kujikamua, na kilicholegea sana ndicho kinachokukimbia. Kama kuna kitu ukila kinakuharisha, kiache kwa sasa. Ukikaa chooni weka miguu juu ya kigoda kidogo ili magoti yapande, huna haja ya kukamua. Kama picha itaonyesha pengo kubwa na mazoezi hayatatosha, upo upasuaji wa kuunganisha misuli, ila kwa kawaida husubiri hadi baada ya kujifungua.

Sasa lile linalokunyima usingizi. Waliochanika daraja la tatu au la nne wakazaa tena kwa njia ya kawaida, wanaochanika hivyo tena ni 5 hadi 7 kati ya 100. Maana yake wengi sana hawarudii. Kwa mwanamke aliyepona asiye na dalili yoyote, mara nyingi ninamtuliza, azae kwa kawaida akiwa na mkunga anayejua historia yake. Wewe uko tofauti kwa sababu bado una dalili. Mwanamke mwenye dalili, au ambaye kipimo kinaonyesha misuli ina kasoro, anapaswa kuelezwa kwamba upasuaji wa kupangwa ni chaguo lake halali. Huhitaji kuudai kwa ugomvi. Lakini ujue upasuaji nao una gharama yake kwenye mwili: damu, maambukizi, kupona polepole, na kovu kwenye kizazi ambalo huleta hatari kwa mimba zijazo, hasa kondo kujishikiza mahali pabaya. Ukitaka watoto watatu zaidi, hesabu ni nyingine kuliko ukitaka huyu awe wa mwisho. Kwa hiyo fika kwa daktari na habari tatu: dalili zako, matokeo ya kipimo, na idadi ya watoto unaotaka. Uamuzi ufanyike mapema, wiki kadhaa kabla ya tarehe yako. Usiku wa uchungu si wakati wa kuamua.

Mkikubaliana uzae kwa kawaida, yapo ya kufanya. Kuanzia wiki ya 34 au 35 unaweza kukanda msamba, wewe mwenyewe au mumeo, mikono ikiwa safi na kucha fupi. Tumia mafuta laini yasiyo na manukato. Dole gumba moja au yote mawili yanaingia ukeni kiasi cha sentimeta 3 hivi, yanabonyeza kuelekea chini na pembeni hadi uhisi kuvutika, kisha unakanda taratibu dakika kama 5. Faida yake imeonekana zaidi kwa wazazi wa kwanza. Kwa aliyekwisha kuzaa, kinachopungua hasa ni maumivu ya msamba baadaye, na unazoea ile hali ya kutanuka ili isikutishe siku yenyewe. Ukiwa na maambukizi ukeni, au maji yamevunjika, acha.

Siku yenyewe, usilale chali kwa sababu tu kitanda kimetandikwa hivyo. Lalia ubavu, au piga magoti, au shika mikono na magoti chini. Mkojo utoke mara kwa mara, kibofu kilichojaa kinazuia njia. Omba kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji ya moto kiasi, si ya kuunguza, kiwekwe kwenye msamba wakati wa kusukuma. Ni jambo dogo hata watu hulidharau, lakini limepimwa na limeonekana kupunguza michaniko ya daraja la tatu na la nne. Na kichwa kikianza kuonekana bila kurudi ndani, utahisi moto. Hapo ndipo msamba huokoka au hupotea. Acha kusukuma. Hema kwa mdomo, pumzi fupi fupi, kama mtu aliyepanda kilima, huku mkunga akizuia kichwa kwa mkono mmoja kisichomoke ghafla na mwingine ukishikilia msamba. Kichwa kitoke polepole, kisha mabega nayo yasivutwe kwa haraka. Mtoto wako wa kwanza "alichomoka kwa mkupuo mmoja." Safari hii tunataka kinyume chake.

Mpe mtu atakayekusindikiza sentensi hizi azikariri: "Ana historia ya mchaniko mkubwa. Tafadhali asikandamizwe tumbo, asikatwe bila sababu na bila kuelezwa, na tunaomba msaada wa kulinda msamba." Aseme kwa adabu, mapema, wakati kila mtu bado ametulia.

Baada ya hapo, usishonwe bila kupimwa kwa kidole na bila ganzi kukolea. Uliza lile swali lako tena: daraja la ngapi? Na jibu liandikwe. Ikiwa ni la tatu au la nne, hushonwa na mtu mwenye ujuzi nalo, mahali penye mwanga na vifaa, kwa kawaida chumba cha upasuaji, ukapewa dawa za kuzuia maambukizi na za kulainisha choo. Mkojo uwe umetoka ndani ya saa 6, usipotoka sema. Kidonda kikitoa harufu, kikiachia nyuzi, ukipata homa, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi siku hiyo hiyo. Na kati ya wiki ya 6 na ya 12 rudi upimwe wewe. Ukiona wanataka kumpima mtoto tu, sema, "Na mimi."

Kwa wasomaji wengine wanaopita hapa, msamba si mahali pekee panapoumia. Uchungu uliokwama muda mrefu bila msaada hubana nyama kati ya kichwa cha mtoto na mfupa wa nyonga hadi nyama inakufa, na siku chache baadaye tundu linafunguka. Hiyo ndiyo fistula ya uzazi, na Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huwapata wanawake kati ya 50,000 na 100,000 kila mwaka. Kinga yake ni kutokuzaa kabla mwili haujakomaa, kufuatiliwa uchungu na mtu anayejua lini umesimama, na kufika upesi penye upasuaji. Mama aliyekuwa na uchungu uliokwama awekewe mpira wa mkojo mapema, tundu dogo ambalo ni bichi linaweza kujifunga. Dawa za kuongeza uchungu zisitumiwe kienyeji, kizazi hupasuka. Na anayehisi kitu kinashuka au uzito ukeni, hasa jioni, huenda kizazi au kibofu kimeteremka. Mazoezi yale yale, kifaa cha duara kinachovaliwa ukeni, au upasuaji, vyote vipo.

Narudi kwako, mwanangu, kwa mumeo. Usianzie kitandani wala baada ya ugomvi. Tafuta saa mtoto amelala, mkiwa mmekaa, na umwambie kwa kifupi: "Siku niliyojifungua nilipata jeraha ambalo halikutibiwa. Linaniuma tukiwa pamoja, ndiyo sababu nimekuwa nikikukwepa. Sikukuchoka. Nataka twende kliniki wote." Ukishamaliza nyamaza, mwache naye aseme. Miaka hii mitatu amejitungia maelezo yake mwenyewe, na nadhani ni mabaya kuliko ukweli. Maumivu ya tendo nayo yana tiba: kovu hukandwa au hurekebishwa, misuli hufundishwa kulegea, mafuta maalumu husaidia, mkao hubadilishwa ili wewe ndiye uongoze. Hadi hapo mna haki ya kuacha kabisa lile linalouma na kubaki na mengine yote ya kupendana.

Na mama mkwe wako, siku mtakayopata tarehe ya kumwona mtaalamu wa nyonga, mwambie ulikopelekwa na ulichoambiwa. Usimuulize kama na yeye anayo. Mpe tu jina la kliniki, na umwambie haina umri.